Kusoma kivyake, tahajia kivyake: mwongozo kamili kwa mzazi na mwalimu

Binti wa miaka 7 alinisomea sentensi hii bila kukwama: "Ng'ombe ameng'oa mti mdogo." Alipomaliza alicheka, maana alikuwa amemwona ng'ombe huyo kichwani mwake. Nikafunga kitabu, nikamtajia sentensi ileile aiandike. Akaandika: *Gombe amegoa mti mudogo*.

Baba yake alikuwa amekaa pembeni. "Mwalimu, kumbe huyu hajui kusoma," akaniambia. "Alikariri tu."

"Hapana, mzazi. Kusoma anajua. Kuandika maneno sawasawa ndiko bado."

Hakuridhika, na sikumlaumu. Wengi wetu tulifundishwa kusoma na tahajia kama kitu kimoja, kwa daftari moja na kwa kipindi kimoja. Ukikosea kuandika uliambiwa hujui kusoma, na ukikwama kusoma uliamriwa kutaja herufi. Mwongozo huu unaeleza namna ya kuyatenganisha masomo haya mawili ili kila moja liende kwa mwendo wake.

Kwa nini ni masomo mawili

Mfikirie mtoto aliyetegewa kitendawili. Akiambiwa jibu husema, "Hata mimi nilijua!" Na hadanganyi, jibu analitambua. Ila kulitoa mwenyewe ni kazi nyingine kabisa. Anayesoma amepewa herufi zote mbele ya macho, kazi yake ni kuzitambua, na maana ya sentensi inamsaidia pale anapoyumba. Anayeandika hapewi chochote ila sauti. Kila herufi lazima aitoe kichwani, kwa mpangilio wake, na akiacha moja neno limeharibika.

Ndiyo maana wapo watoto wanaosoma vizuri sana huku tahajia yao ikisumbua. Mwanasaikolojia Uta Frith aliandika kuhusu watu wa aina hiyo mwaka 1980, nao hawakuwa wavivu wala wazito wa akili. Ukimzuia mtoto kama huyo asisonge mbele kwenye kusoma mpaka tahajia imfikie, unamnyima vitabu ambavyo tayari ana uwezo navyo.

Kuna watakaosema Kiswahili hakina haja ya somo la tahajia kwa kuwa "kinaandikwa kama kinavyotamkwa". Kwa msomaji hilo ni kweli kwa kiasi kikubwa, na ni neema: irabu 5, kila moja na sauti yake, na silabi nyingi zinaishia na irabu. Kwa mwandishi, swali ni: kama kinavyotamkwa na nani? Tahajia sanifu ilijengwa juu ya Kiunguja, kilichochaguliwa mwaka 1928, na kamati ya lugha iliyoundwa mwaka 1930 ikaisimamia. Mtoto ambaye ulimi wake hautofautishi *l* na *r*, au ambaye nyumbani kwao *dhahabu* inaitwa "zahabu", akiandika kama anavyotamka atakosea kila siku. Sikio lake linamwambia yuko sahihi. Huyu anahitaji kufundishwa, na kumwambia tu "sikiliza vizuri" hakumsaidii.

Hatua ya 1: Pima mara mbili

Andika maneno 20 kwenye karatasi, kwa herufi kubwa za kutosha: baba, meza, kofia, tatu, nyoka, mbuzi, ndege, shati, chungu, kaa, kataa, mtu, mbwa, ngoma, ng'oa, rafiki, lugha, dhahabu, thamani, hapa.

Siku ya kwanza mtoto ayasome. Weka alama kwa yale aliyoyasoma ndani ya sekunde chache bila msaada. Siku ya pili, bila kumwonyesha karatasi, mtajie maneno yaleyale ayaandike. Usimfanyishe yote mawili siku moja, kwa sababu macho yatakuwa yameyabeba na kipimo cha kuandika kitakudanganya.

Kisha linganisha. Aliyesoma 18 na kuandika 10 yuko katika hali ya kawaida kabisa: mwache aendelee kusoma vitabu vya kiwango chake, tahajia aianzie chini zaidi. Aliyesoma chini ya 10 asianzishiwe tahajia rasmi bado, nguvu zote ziende kwenye kusoma. Wapo pia wachache wanaoandika maneno mengi kuliko wanayosoma. Hawa husikia sauti vizuri lakini hawajazoea kuziunganisha haraka. Usishtuke. Maria Montessori, mwelimishaji wa Kiitaliano aliyefungua shule yake ya watoto wadogo Roma mwaka 1907, aliona watoto wakianza kuandika kabla ya kusoma, na akaufanya huo kuwa utaratibu.

Hatua ya 2: Tenganisha muda, daftari na maneno

Dakika 20 za kusoma na dakika 10 hadi 15 za tahajia kwa siku zinatosha mtoto wa miaka 6 hadi 9. Ziachane kabisa. Kusoma kukiwa asubuhi, tahajia iwe baadaye. Kama una kipindi kimoja tu, mpe mtoto mapumziko katikati, na vitu vya somo la kwanza viondoke mezani.

Usirefushe tahajia kwa kudhani wingi wa muda ndio utakaozaa matunda. Mwaka 1897 Mmarekani Joseph Mayer Rice alichapisha matokeo ya kuwapima maelfu ya wanafunzi: waliokaa muda mrefu kwenye tahajia kila siku hawakuwazidi waliotumia dakika chache.

Maneno nayo yasiwe yaleyale. Hapa ndipo wengi tunapoteleza: tunachukua maneno mapya ya hadithi ya wiki hii na kuyafanya imla ya wiki hiihii. Neno jipya ni la kusoma. La tahajia liwe neno ambalo mtoto amekwisha kulisoma mara nyingi hadi halimshughulishi tena. Kwa hiyo tahajia itakuwa nyuma ya kusoma kwa majuma au hata miezi, na ndivyo inavyopaswa kuwa.

Mwandiko ni kitu cha tatu. Neno lililoandikwa kwa herufi zilizopinda bado ni sahihi, lipe alama yake.

Hatua ya 3: Somo la kusoma

Anza na sauti, usianze na majina ya herufi. Mtoto aliyefundishwa "be, a, be, a" ana kazi ya kuyavua majina hayo kabla ya kupata *baba*. Mwonyeshe *b* na umtamkie sauti yake fupi, midomo ikifunga na kuachia, kisha uiunganishe mara moja na irabu: ba, be, bi, bo, bu. Irabu 5 kwanza, halafu konsonanti zinazovutika kama *m*, *s*, *n* na *l*, maana sauti inayovutika huungana na irabu kwa urahisi: mmmaaa, ma. Baadaye zifuate *b*, *t*, *k*, *d*, na mwisho kabisa zile zinazoandikwa kwa herufi mbili au zaidi: ch, sh, ny, mb, nd, ng, ng', kw, mw, dh, th, gh. Mara mtoto anapokuwa na konsonanti 4 na irabu zote, mpe sentensi halisi. *Mama ana meno. Sema na mama.* Asikae mwezi mzima anaimba silabi zisizo na maana.

Ugumu wa kusoma Kiswahili hauko kwenye silabi, uko kwenye urefu wa neno. Mtoto anafika *anawasomesha*, anatamka a-na-wa-so-me-sha vizuri kabisa, na akifika mwisho amesahau mwanzo. Dawa yake ni kulijenga neno kutoka kwenye mzizi. Andika moja chini ya jingine:

soma
anasoma
anasomesha
anawasomesha

Ayasome yote manne bila haraka, halafu arudi kwenye sentensi. Fanya hivyo kwa kitenzi kimoja kila siku, na baada ya majuma machache macho yake yataanza yenyewe kuona *ana-*, *-wa-* na *-sha* kama vipande vizima. Ukiniuliza zoezi moja tu la kumkomboa mtoto anayedonoa silabi, nitakutajia hili.

Akikwama, usimwambie ataje herufi. Subiri huku ukihesabu moyoni hadi tano. Bado? Mwekee kidole chini ya silabi iliyomkwamisha. Bado? Mwambie neno, aendelee. Neno hilo liandike pembeni mlirudie mwishoni. Ukimsimamisha kila mara na kumgeuzia kusoma kuwa tahajia, hadithi inakatika, na anachojifunza ni kwamba kusoma ni mtihani usiokwisha.

Kifungu kifupi kisomwe mara tatu: leo, kesho na kesho kutwa. Mara ya kwanza atahangaika na maneno, ya pili atapata mtiririko, ya tatu sauti yake itapanda na kushuka kama ya mtu anayesimulia. Kila mara muulize jambo moja la maana: nani alifanya, kwa nini, unadhani nini kitafuata. Na mbali ya hayo, msomee wewe vitabu vilivyo juu ya uwezo wake. Masikio huelewa lugha ambayo macho hayajaifikia.

Hatua ya 4: Somo la tahajia

Maneno 5 hadi 8 kwa wiki, yote yakiwa na tatizo moja. Mwendo wa kila neno ni huu: mtoto anasikia neno ndani ya sentensi, analisema polepole, anapiga makofi kwa silabi, anaandika silabi kwa silabi huku akiitamka, anasoma alichoandika, ndipo analinganisha na neno sahihi. Hatua ya kusoma alichoandika ndiyo inayorukwa mara nyingi, nayo ndiyo inayomfundisha kujisahihisha.

Sasa tuje kwenye matatizo yenyewe.

*Mb, nd, nj, ng mwanzoni mwa neno.* Mtoto anaandika "buzi" na "dege". Mwambie abane pua kwa vidole na aseme *mbuzi*: mwanzo unakwama. Aseme *baba*: inatoka bila shida. Sauti ile iliyokwama puani ndiyo *m* aliyoisahau. Zoezi hili linachukua nusu dakika na sijaona mtoto asiyelifurahia.

*Ng na ng'.* Avute sauti ya mwanzo kwa muda kabla ya kufungua mdomo. Kwenye *ng'oa* sauti inateleza moja kwa moja hadi kwenye *o*. Kwenye *ngoma* kuna *g* inayopasuka katikati. Asiposikia mpasuko, ritifaa, yaani alama hii ('), inaandikwa: ng'ombe, ng'aa, ng'ambo, ng'ang'ania. Binti niliyemtaja mwanzoni alilipata hili kwa siku tatu, akaanza kuweka ritifaa hata kwenye *nguo*. Hiyo si hatua ya kurudi nyuma. Amegundua kanuni, sasa anatafuta mipaka yake.

*Irabu mbili.* Makofi yanamaliza kazi. *Kata* ni makofi mawili, *kataa* ni matatu. *Koma* mawili, *komaa* matatu. Vivyo hivyo *kufa* na *kufaa*. Kila kofi na irabu yake.

*L na r.* Kama mtoto hutofautisha kwa ulimi, mwonyeshe kwenye kioo: *l* ulimi unatulia nyuma ya meno na sauti inaweza kushikiliwa, *r* ulimi unagonga au kutetemeka. Fanyeni jozi: kula na kura, mahali na mahari, fahali na fahari, mbali na mbari. Lakini kama kwa ulimi wake sauti hizi ni moja, acha sikio kabisa na utumie jicho na ukoo wa neno. Andika *safari*, na chini yake *safiri, msafiri, usafiri, usafirishaji*. Akaze *r* kwa rangi katika yote. Amejifunza neno moja, amepata matano. Fanya vivyo hivyo kwa *lima, mkulima, kilimo*, na *rudi, rudisha, marudio*. Tafadhali usimcheke kwa matamshi yake. Ndivyo wanavyosema watu anaowapenda.

*Dh, th, gh na h.* Nazo ni za jicho kwa watoto wengi. Zipange kwa makundi madogo: dhahabu, fedha, adhabu, ardhi, kisha thamani, thelathini, methali, kisha lugha, ghali, ghafla, shughuli. Jozi zenye maana tofauti zinakaa kichwani zaidi: dhana na zana, thamani na samani, hama na ama. Kundi moja kwa wiki. Ukiyaleta *dh* na *th* kwa pamoja, mtoto atayachanganya kwa mwaka mzima.

*Kutenganisha na kuunganisha maneno.* Hili linawasumbua hata watu wazima: "nime fika", "ana po kuja", "kwasababu". Mpe mtoto jaribio hili: je, unaweza kuingiza neno zima katikati? *Ni mtoto* inaweza kuwa *Ni huyu mtoto*, basi *ni* inasimama peke yake. *Nimefika* haipokei neno lolote kati ya *nime* na *fika*, basi inashikana. *Kwa sababu* inaweza kuwa *kwa hii sababu*, basi ni maneno mawili. Jaribio halijibu kila kitu, lakini linamwondolea mtoto sehemu kubwa ya kubahatisha.

Kuhusu kuandika neno mara 20 kama adhabu au mazoezi, naomba uache. Nilimwona mvulana aliyepewa *rafiki* mara 20: alishusha safu ya *r* zote ukurasa mzima, kisha safu ya *a*, kisha *f*. Alimaliza kwa mwandiko mzuri, na hakuwa ameandika *rafiki* hata mara moja. Badala yake atazame neno, alifunike, aliandike, afunue alinganishe. Mara tatu leo, mara moja kesho kutwa, mara moja wiki ijayo. Nafasi kati ya marudio ndiyo inayolikaza neno.

Hatua ya 5: Imla, na nani anasahihisha

Mara moja kwa wiki, sentensi 3 au 4 zenye maneno ya wiki hii na mawili ya zamani. Soma sentensi nzima, mtoto asikilize tu, kalamu chini. Isome tena kwa vipande vya maneno matatu au manne, aandike. Isome mara ya mwisho yote, ajikague. Usikaze sauti kwa namna ya kumpa jibu, kama "mmmbuzi". Ukifanya hivyo unapima masikio yake.

Kisha mpe nakala sahihi asahihishe mwenyewe, neno kwa neno, kidole kimoja kwenye nakala na kingine kwenye daftari lake. Wewe kaa kando. Mtoto anayeona kwa macho yake kwamba aliruka *h* anakumbuka zaidi kuliko anayerudishiwa daftari lenye wino mwekundu. Alama ihesabu maneno aliyopata. Maneno 19 kati ya 22 ni habari njema, yaseme hivyo.

Hatua ya 6: Anapoandika mambo yake mwenyewe

Hadithi aliyoibuni, barua kwa bibi, maelezo ya picha: hapa aandike anavyoweza, hata neno ambalo hajafundishwa. Ukisahihisha kila kosa, mara ijayo atatumia maneno mepesi tu, ataandika *kubwa* kwa kuogopa *kutisha*. Jibu kwanza alichokisema. Halafu chagua makosa yasiyozidi matatu, yale ya tatizo mliloshughulikia mwezi huu, myatazame pamoja. Mengine yaandike kwenye orodha yako, yatakuwa somo la majuma yajayo.

Kama kuna lugha mbili

Mtoto anayejifunza Kiswahili na Kiingereza kwa wakati mmoja anaweza kusoma zote mbili. Tahajia ianze na moja, na Kiswahili kinafaa kutangulia kwa sababu sauti na herufi zake zinaaminika. Tahajia ya Kiingereza ina mizigo mingi ya kukariri, na mtoto ambaye hajajua kuigawa sauti atadhani tahajia yote ni ya kukariri tu.

Kukagua maendeleo

Andika tarehe juu ya karatasi zile mbili za hatua ya 1 na uzihifadhi. Baada ya majuma 8, rudia kipimo kwa maneno yaleyale, kusoma siku moja, kuandika siku nyingine. Usitazame jumla peke yake. Tazama aina ya kosa: aliyeandika "goa" na sasa anaandika "ngoa" badala ya *ng'oa* amesogea, ingawa alama bado ni sifuri kwa neno hilo. Ikiwa kusoma kumepanda na tahajia imesimama, punguza maneno yawe 4 kwa wiki na ubaki kwenye tatizo moja kwa majuma mawili. Ikiwa kusoma ndiko kumesimama, ondoa tahajia kwa mwezi mzima, dakika zake zote ziende kwenye kusoma. Na mtoto wa miaka 8 au 9 ambaye bado hawezi kuunganisha *m* na *a* licha ya kufundishwa kila siku, apimwe macho na masikio kwanza, kabla hujabadilisha kitabu au njia.